Rangi Iliyookwa Kwenye Tanuri la Mama

Juzi, kwenye harusi ya binti wa jirani yetu, gari la bibi harusi lilichemsha nje ya ukumbi, hapa hapa Temeke. Lilikuwa gari la zamani la Kijerumani, jeupe, la kukodi, limefungwa maua ya plastiki mpaka kwenye vioo. Dereva, kijana aliyevaa suti inayombana, alifungua boneti, mvuke ukampiga usoni, na sisi wanawake wa kamati tukasogea kutazama kama kawaida yetu. Ndipo nilipokiona. Kifuniko cha juu cha injini, kile ambacho mafundi wanakiita tapeti kava, kilikuwa cheusi chenye mikunjo midogo midogo iliyolingana kutoka pembe hadi pembe, na herufi zake zilikuwa zimesuguliwa kwa msasa mpaka chuma chake kikang'aa. Nilinyoosha kidole bila kufikiri.

"Usiguse, sista, utaungua," yule kijana akasema. "Hiyo rangi si ya kupaka kwa brashi, hiyo. Kulikuwaga na mashine pale Buguruni, ya Mjerumani, ndiyo ilikuwa inatoa hiyo mikunjo. Siku hizi hakuna mtu anaiweza."

Nilitamani kumzaba kofi. Kijana wa watu hana kosa lolote, kasimulia alichosimuliwa, lakini damu ilinipanda kichwani nikaona bora niondoke kabla sijamwaga radhi mbele ya bibi harusi. Nikaenda kukaa nyuma ya ukumbi, penye masufuria ya pilau. Mama yangu amezikwa, baba yangu amezikwa, Baba Mdogo Hemedi amezikwa, na ule uongo bado unatembea mjini umevaa suti.

Nitawasimulia nyie wa rika langu, mliokula mkate wa mofa mkiwa wadogo.

Nyumba yetu ya Mtoni ilikuwa na ua mpana nyuma, na katikati ya ua kulikuwa na tanuri. Kwa asiyelijua, ni kama chungu kikubwa sana cha udongo, kimezikwa ardhini mpaka mabegani, mdomo umetazama juu. Unawasha moto ndani kwa makumbi na vifuu vya nazi, unasubiri miali ife, kisha unabandika madonge ya unga wa mtama kwenye kuta za ndani na kufunika. Tanuri lile alilijenga bibi yangu, mama yake baba, kwa mikono yake. Alipoishiwa nguvu alimwachia mama, mkwewe, kwa sababu binti yake mwenyewe, Shangazi Rukia, hakutaka kuunguza kucha zake. Hilo la kucha bibi alikuwa akilisema waziwazi, mbele ya wageni, na shangazi alikuwa akicheka.

Mtaa mzima mama yangu aliitwa Mama Mofa. Asubuhi watoto walikuja na sahani zilizofunikwa kwa vitambaa, wakapanga foleni kwenye mlango wa uani. Mama alikuwa mwembamba, mweupe, mwenye mikono iliyojaa alama za kuungua kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na hakuwa na haraka na tanuri lake. Alikuwa akishusha kifuniko cha bati chenye chembe za unga ndani yake na kusubiri. Unga ukiwa mweusi, moto bado mkali. Ukibaki mweupe, umechelewa. Ukigeuka rangi ya chai ya maziwa, alisema bismillahi na kuanza kubandika. Nilikuwa nadhani kila mama duniani anajua kufanya hivyo.

Baba Mdogo Hemedi, mdogo wake baba, alikuwa na gereji Buguruni. Hakutengeneza magari ya kawaida. Yeye alikuwa akifufua magari ya zamani, yale ambayo wenye pesa wanayapenda kwa sababu baba zao walikuwa nayo, au kwa sababu baba zao hawakuwa nayo. Alikuwa mcheshi, mtanashati, mwenye kunukia udi hata akiwa ametoka chini ya gari, na akija nyumbani alinirusha juu na kuniita "bosi". Nilimpenda. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndiyo inayoniudhi zaidi.

Alikuja siku moja ya masika akiwa na gunia. Ndani ya gunia kulikuwa na tapeti kava moja iliyopakwa rangi nyeusi, nzito, inayong'aa kama lami iliyomwagwa sasa hivi. Akaketi kwenye mkeka, akapewa chai, akaanza kulalamika.

"Shemeji, mie nimechoka. Hii rangi imenishinda. Kopo limeandikwa kwamba inajikunja yenyewe. Inajikunja wapi? Imelala tu kama mgonjwa."

"Umeipasha moto?" mama akauliza. Alikuwa anatoa mikate ya mwisho.

"Nimeianika juani."

"Jua lipi, Hemedi? Hili la masika?"

"Basi nikaiweka juu ya jiko la mkaa. Ikatoa malengelenge upande mmoja. Nimeikwangua yote, nimeanza upya. Mwenye gari kaniambia nisipompa ile mikunjo kama ya kiwandani nimrudishie gari lake."

Mama alifuta mikono, akachukua kile chuma, akakigeuza geuza. Kisha akatia unga kwenye kifuniko cha bati na kukishusha tanurini. Unga ukabaki na rangi hafifu mno, karibu na mweupe. Ule ni moto uliobaki baada ya mikate, moto usio na kazi. Akafunga chuma kwa waya, akakining'iniza kwenye nondo iliyolala juu ya mdomo wa tanuri, kisiguse ukuta wala majivu, akafunika.

Alipofunua, nilikuwa nimelala kifudifudi pembeni, kidevu changu juu ya matofali, nikaona kwa macho yangu. Ile rangi iliyokuwa laini ilikuwa inajivuta. Ilianza na mstari mmoja, ukazaa mwingine, kisha uso wote ukajikunja polepole kama ngozi ya vidole vya mtu aliyefua nguo kutwa. Baba Mdogo alipiga takbiri mpaka majirani wakachungulia. Mama alicheka, akafunika mdomo kwa mtandio. Nilimwona anavyokitazama kile chuma, na hakuwa anakitazama kama mtu aliyemsaidia shemeji yake. Alikipenda.

Toka siku hiyo vyuma vikawa vinakuja. Mama hakukubali kuletewa vilivyokwisha kupakwa, alisema Hemedi anapaka kama anayemwagilia mchicha. Akawa anasafisha mwenyewe kwa thina, ile dawa ya kuyeyusha rangi, anasugua kwa msasa, anasafisha tena, hagusi tena kwa kidole kitupu. Anapuliza rangi mara ya kwanza kwa urefu, anasubiri inate kidogo, mara ya pili kwa upana, anasubiri tena, mara ya tatu kwa mshazari. Akitaka mikunjo mikubwa anaweka nzito, akitaka midogo anaweka nyepesi. Kulikuwa na rangi nyingine pia, ya kijivu, ambayo ikikauka inafanya vibonyo kana kwamba chuma kimegongwa kwa nyundo ndogo, na hiyo aliitumia kwenye masanduku ya vifaa na vishikizo vya taa. Vyuma vilivyokwisha alivipanga kwenye kitanda cha kamba vipoe, na alikuwa akipita pita kuvitazama huku amebeba ndoo, huku amebeba nguo, kama mtu anayepita dirisha la duka.

Na mimi nikaingiza kichwani jambo la kijinga. Baba Mdogo alikuwa akipiga simu palepale uani, mguu mmoja juu ya kinu, anaongea na wateja wake kwa sauti ya kiofisi. "Ni mashine, mzee wangu. Ya Mjerumani. Huwezi kupata mikunjo hii kwa mkono, haiwezekani. Mashine ndiyo inaoka." Mimi nikaamini. Niliamini kwamba mama anaviandaa tu vile vyuma, anavichemsha kidogo, halafu vinakwenda Buguruni kumalizwa na mashine. Nilikuwa nimeona mikunjo ikitokea mbele ya pua yangu, na bado nikaamini, kwa sababu aliyesema ni mtu mzima na alisema kwa simu. Nikaijenga hiyo mashine kichwani mwangu: ya kijani, ndefu kuliko mlango, ina mdomo wa mbele na mdomo wa nyuma, inanguruma. Nikawaringia wenzangu wa madrasa. Nikamwomba Baba Mdogo anipeleke nikaione.

"Bosi, ile mashine haitaki watoto," akaniambia. "Inawameza."

Nikawa naiogopa na kuionea wivu. Nilifikiri mama angekuwa na mashine kama ile asingeungua mikono.

Wakati huohuo mkate ulianza kunuka. Mwanzoni alinusa mama peke yake. Alikuwa akibandua mkate, anaukata na kuuweka puani. Udongo unanyonya, na tanuri lile lilikuwa linanyonya moshi wa rangi kila jioni. Akawa anawasha makumbi asubuhi na mapema ili kuuunguza ule uvundo, akakwangua kuta za ndani kwa kijiko cha chuma, akazipaka udongo mpya. Haikusaidia. Watoto wenye sahani wakaanza kupungua. Kisha mama mmoja jirani akaja mwenyewe, amebeba mikate yake kwenye kitambaa, ana haya kweli kweli.

"Mama Nasra, usinifikirie vibaya. Mzee wangu leo kashindwa kula. Anasema unanuka petroli."

Mama aliipokea ile mikate akamwomba radhi. Alikuwa anamwomba radhi mtu kwa kosa ambalo lilikuwa linampatia Baba Mdogo sifa mjini. Naandika hapa na meno yamekazana.

Ramadhani ilikuwa inakaribia. Ramadhani ndiyo iliyokuwa msimu wa mama, watu wa hadi Mbagala walikuwa wakituma vijana wao kuchukua mofa za futari. Jioni moja alikuwa anafunga waya kwenye chuma, mimi nimeshika ncha ya pili, nikamwuliza kwa nia njema kabisa, "Mama, kwa nini Baba Mdogo asiilete ile mashine hapa, upumzike?"

"Mashine gani?"

"Ile ya Mjerumani. Inayofanya mikunjo."

Akaacha kufunga. Akaniambia nimweleze yote niliyoyasikia, neno kwa neno, nami nikamweleza kwa kuigiza mpaka ile sauti ya kiofisi. Hakunikaripia. Alimaliza kufunga waya, akaning'iniza chuma, akafunika tanuri na kuketi juu ya kibao cha mbuzi, mikono imelala mapajani. Wapo ndugu zangu walioniambia baadaye kwamba mdomo wangu ndio uliovuruga ukoo. Sijilaumu hata chembe. Aliyedanganya alikuwa na ndevu.

Baba Mdogo alipokuja kuchukua chuma chake, mama alimkaribisha, akampa chai, kisha akamwambia.

"Hemedi, Ramadhani hii sitaoka rangi. Mpaka Idi ipite. Tanuri linataka kupona."

"Shemeji! Nina gari la mzee mmoja, anamwoza binti yake. Anataka kila kitu kiwe kama siku linatoka kiwandani."

"Mwambie anayeoka kaomba mapumziko."

"Nimwambieje sasa?"

"Mwambie ni mke wa kaka yako, Mtoni. Jina langu unalijua."

Akacheka, akidhani ni utani. Alipoona mama hacheki, uso ukambadilika. "Shemeji, wewe huwajui wale watu. Nikiwaambia chuma cha gari kama lile kimeokwa na mwanamke uani, kwenye tanuri la mikate, watanicheka mpaka nifunge gereji. Kwanza hata wewe, inakupendeza? Mke wa mtu, ajulikane mjini kwamba anafanya kazi za gereji?"

"Kufanya inapendeza, kujulikana ndiyo haipendezi?"

Baba Mdogo akaweka kikombe chini. Aliondoka bila kumaliza chai, na siku chache baadaye tukapata ugeni wa Shangazi Rukia. Shangazi alikuwa dada mkubwa wa baba na Baba Mdogo, mwanamke mnene, mwenye hina mpya kila mwezi, na baada ya kufariki bibi yeye ndiye aliyekuwa akisema neno la mwisho katika ukoo. Alikaa kwenye kiti cha baba. Baba alikaa kwenye mkeka, anamenya chungwa. Baba Mdogo alisimama mlangoni, ameinamisha kichwa kama yatima.

"Zakia," shangazi akamwambia mama, "nimesikia unamfungia ndugu yako tanuri."

"Sijamfungia, wifi. Nimeomba mwezi mmoja."

"Unaomba nini? Lile tanuri alijenga nani?"

"Marehemu mama."

"Mama yake nani?"

Mama akatazama mlango wa uani.

"Mama yetu sie," shangazi akasema. "Lile ni la ukoo. Wewe umelikuta, umelitumia miaka yote hiyo na hakuna aliyekuuliza. Sasa mwenzio naye ana haja nalo, unamwekea masharti? Hemedi, leta gari ulichukue tanuri la mama yako, uende ukaoke unavyotaka. Kelele zimekwisha."

Nilimtazama baba. Nilikuwa na hakika atasema kitu. Alikuwa mwanamume wa haki, muuza vitambaa, hajawahi kumpunja mtu hata kipande cha kanga. Alimaliza kumenya chungwa lake, akaligawa vipande, akasema, "Yaishe."

Yaishe. Nimeishi na neno hilo kama mwiba kwenye nyayo. Watu wengi waliomjua baba wanamsifu kwa upole wake, na mimi nikisikia sifa hiyo huwa naondoka chumbani.

Walikuja kwa kirikuu, kile kigari cha mizigo, Baba Mdogo na mafundi wake wawili wenye majembe. Mama aliwaambia jambo moja tu: tanuri la ardhini haling'olewi, linapasuka. Baba Mdogo alimwambia asijali, watalizungushia magunia. Walichimba asubuhi nzima. Lilipotoka lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, limeota mizizi kwa nje, na ufa ulikuwa umekwisha anza kwenye shingo. Kwenye ua likabaki shimo, na mama akalifunika kwa bati ili wadogo zangu wasitumbukie. Mikate ya futari mwaka huo haikuokwa, na kila aliyetuma kijana wake aliambiwa mlangoni, na mama mwenyewe, kwamba tanuri limekwenda Buguruni.

Idi ikapita. Siku moja baba alirudi kutoka dukani kabla ya wakati wake, akamwambia mama avae buibui. Hemedi amekwama. Kibao cha dashibodi cha lile gari la harusi, kile kinachobeba saa za mwendo na mafuta, kimewashinda, wameharibu, wamekwangua, wameharibu tena, na mwenye gari yupo pale pale gerejini amekaa kwenye kiti anasubiri.

"Nenda ukamsaidie," baba akasema. "Ndugu ni ndugu. Yaishe."

Mama alitungua buibui lake ukutani. Kisha akavaa, akanishika mkono, tukaenda. Nilikuwa na furaha isiyo na adabu. Hatimaye nitaiona mashine.

Gereji ilikuwa kwenye uchochoro nyuma ya soko la Buguruni, imejaa magari yasiyo na milango. Pembeni kulikuwa na turubai la bluu lililotundikwa kama pazia. Kwenye kiti cha plastiki alikuwa ameketi mzee mmoja aliyevaa kofia nzuri ya mkono, fimbo katikati ya magoti. Tukamwamkia shikamoo, akaitikia. Kabla mama hajafungua mdomo, Baba Mdogo akaruka.

"Huyu shemeji yangu, mzee. Kaniletea chakula."

Mama hakuwa na chakula. Mikono yake ilikuwa mitupu, kila mtu aliiona. Baba Mdogo akatusukumia nyuma ya turubai.

Nikaitafuta mashine. Nilitazama huku na huku, nikachungulia nyuma ya matairi, nikatazama hata juu. Palikuwa na tanuri la bibi, limesimamishwa juu ya matofali kama mgonjwa aliyekalishwa kwa nguvu, limefungwa waya kiunoni, nyufa zake zimezibwa kwa saruji. Basi.

"Mama," nikanong'ona, "mashine iko wapi?"

"Ndiyo hiyo uliyokuwa ukilala chini ukiitazama, Nasra. Na huyu hapa aliyekuwa akiiendesha."

Nilielewa yote kwa mkupuo mmoja, nikasikia joto linanipanda kutoka tumboni. Lile joto mpaka leo sijui kama limewahi kushuka. Nilitaka kutoka nimpigie kelele yule mzee. Mama alinibana bega.

"Tulia. Nishikie waya."

Akafanya kazi. Akasafisha kile kibao kwa thina, akasugua, akasafisha tena, akapuliza kwa urefu, kwa upana, kwa mshazari. Tanuri lilikuwa linavujisha joto kupitia saruji upande mmoja, hivyo alisimama pale pale akikigeuza kibao kwa waya, kidogo kidogo, asikipe upande ule muda wa kuungua. Jasho lilimlowesha mpaka mtandio ukashikana na shingo. Alipofunua mara ya mwisho, mikunjo ilikuwa imekaa. Sijaona kazi nzuri kama ile, wala sitaiona. Alitabasamu, nilimwona, lile tabasamu la siku ya kwanza, na kwa dakika hiyo alikuwa amesahau watu wote waliokuwa upande wa pili wa turubai.

Baba Mdogo akakichukua kwa waya, akakipeleka kwa mzee. Tukasikia fimbo ikigonga sakafu kwa furaha.

"Mashaallah! Hemedi, hii mashine yako ya wapi, ulisema?"

"Ujerumani, mzee wangu. Ilikuwa na hitilafu kidogo, nimeirekebisha sasa hivi."

Mama alichukua kitambaa, akakichovya kwenye bati la thina, akakikamua kidogo. Akatoka nje ya turubai. Mimi nyuma yake.

"Hebu niione, Hemedi," akasema kwa upole kabisa. "Kuna mahali hapajaniridhisha."

Akampa, masikini, akidhani anakwenda kusaidiwa zaidi. Rangi ile ikiwa moto bado haijashika, ni laini kama jamu. Mama alikiweka kibao juu ya boneti ya gari, akapitisha kitambaa kutoka pembe hii hadi pembe ile, polepole, kama anayefuta meza baada ya wageni. Mikunjo yote ikaondoka. Akageuza kitambaa upande msafi, akapitisha tena, mpaka chuma kikabaki kitupu, kina michirizi ya kijivu. Kisha akamrudishia shemeji yake kwa waya wake.

"Haya. Iambie mashine irudie."

Yule mzee alisimama, fimbo imemponyoka. "Wewe mama! Unafanya nini? Wewe ni nani?"

"Mie nimeleta chakula tu, baba," mama akamjibu. "Mambo ya mashine muulize mwenyewe."

Tukatoka. Nyuma yetu Baba Mdogo alikuwa anaita shemeji, shemeji, halafu akaacha kuita shemeji akaanza kuita majina ambayo siyaandiki.

Kwenye ukoo wetu kisa hiki kinasimuliwa bado. Wanakisimulia kwenye shughuli, wanacheka: Zakia alivyokuwa na hasira, Zakia alivyomharibia shemeji yake kwa mtu mkubwa, harusi ya watu ikakaribia kukosa gari. Shangazi Rukia alikufa akisema mama alikuwa mwanamke mkali. Sijawahi kumsikia hata mmoja wao akianzia kwenye shimo la uani. Wanaanzia kwenye kitambaa, kana kwamba mama aliamka tu siku hiyo na thina mkononi. Na tanuri lenyewe lilibaki kwenye ile gereji mpaka saruji ikalishinda, likavunjwa vipande, vikafukia dimbwi la mlangoni ili magari yapite.

Siku ile hatukupanda gari. Mama alikuwa anatembea haraka, mimi nakimbia kando yake, na nilikuwa nasubiri alie ili na mimi nilie. Hakulia. Tulipofika karibu na nyumbani aliniuliza kama nina njaa. Nikasema ndiyo. Alisimama mbele ya duka, akavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamsikia mama yangu anaulizia bei ya mkate. Muuza duka, mteja wake wa miaka yote, aliinama chini akajifanya anatafuta chenji. Mama akapokea ule mkate mweupe uliokatwa slesi, akafungua mfuko, akanipa kipande changu, akauma chake. Alitafuna kwa muda mrefu, amesimama palepale barabarani, watu wanampita wakimsalimia, "Hujambo, Mama Mofa," naye akimwitikia kila mmoja, mdomo umejaa.